Kushauriana, Kujadiliana na Kupatana: Wajibu wa Mwajiri Katika Mizani ya Kiswahili

Huenda wasomaji wa jarida hili wakastaajabu kuona humu hukumu ya mahakama ya Marekani ikichambuliwa na mtu asiye mwanasheria. Sababu yenyewe ni ya lugha. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Na. 1 ya mwaka huo, ya marekebisho ya sheria mbalimbali, na kwa sheria hiyo Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo kazi ya kuzitia sheria katika Kiswahili si zoezi la darasani tena. Neno litakalochaguliwa leo ndilo hakimu atakaloliweka mezani kesho, na mtu atapata au atakosa haki yake kwa neno hilo. Kati ya sheria zote, hapana inayowagusa watu wengi kila siku kuliko sheria ya kazi. Na katika sheria ya kazi, hapana mahali ambapo msamiati wetu umelegea kama hapa: mwajiri anapobadilisha masharti ya kazi peke yake, bila ya kukaa kwanza na chama cha wafanyakazi, twaliitaje kosa lake? Na lile alilopaswa kulifanya asilifanye, twaliitaje?

Nimechagua kulitazama swali hili kwa kusoma hukumu moja, kwa kuwa humo jambo hili lilipewa maneno kwa uangalifu mwingi. Hukumu hiyo ni ile ya Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi dhidi ya Katz, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 21 Mei 1962 na kuandikwa na Jaji William Brennan.

Habari yenyewe si ndefu. Benne Katz alikuwa na kampuni iliyoitwa Williamsburg Steel Products. Mafundi wake walikuwa na chama kilichokwisha kuthibitishwa kuwa msemaji wao, na mazungumzo ya mkataba yalikuwa yakiendelea. Yakiwa yangali yanaendelea, mwajiri alifanya mambo matatu kwa hiari yake. Aliwaongezea mshahara watu 20 kati ya mafundi wapatao 50, kwa kuwapima yeye mwenyewe nani anastahili na nani hastahili. Aligeuza utaratibu wa siku za ugonjwa zenye malipo: zilikuwa 10 kwa mwaka, akazifanya 5, ila akaruhusu zile zisizotumika zilimbikizwe. Tena akaanzisha mpango mpya wa nyongeza za mishahara, mpango uliokuwa na ukarimu kuliko ule aliokuwa amewapa wajumbe wa chama mezani muda mfupi kabla yake, nao wakaukataa.

Mahakama ya rufani ilimwachilia. Ilisema kwamba pasipo kuthibitishwa nia mbaya hapana kosa. Mahakama ya Juu ikapindua uamuzi huo. Kwa muhtasari wangu, Brennan alisema kwamba mwenye kubadilisha jambo ambalo lingali likijadiliwa ameuzunguka wajibu wa kujadiliana, na kuuzunguka wajibu kwauharibu sawasawa na kuukataa waziwazi. Haihitajiki kuingia moyoni mwake kutafuta nia. Tendo lenyewe latosha.

Kwa mwanaisimu, hapo ndipo penye uzito. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mazungumzo ni maneno, na kwamba mtu aliyehudhuria vikao, akasikiliza kwa adabu, akajibu kila swali, amezungumza. Jaji huyu aliona kwamba kuna maneno ambayo hayawi maneno ila pale jambo linalosemwa lingali wazi. Mwajiri aliyekwisha kukata shauri, kisha akaja mezani kusikiliza, anatoa sauti tu. Ni kama mtu anayekuomba ruhusa ya kuingia nawe ukamkuta amekwisha kukaa sebuleni. Amesema "hodi", tena kwa sauti nzuri; lakini hakupiga hodi.

Lililo gumu zaidi kwa msomaji ni lile jambo la tatu. Mwajiri aliongeza mshahara, na bado akahesabiwa mkosaji. Kosa la kutoa! Brennan hakulifafanua hili kwa maneno mengi, na nadhani ingefaa alifafanue, kwa kuwa ndilo linalowashangaza wasomaji hata leo. Mantiki yake ni hii. Aliyewanyima wajumbe mezani shilingi tano, kisha akawapa watu wao shilingi saba mlangoni, amewaambia watu hao kwamba wajumbe wenu hawana kazi. Zawadi imefanya kazi ya tusi. Na kwa kuwa amewapa wengi zaidi ya alivyokubali kuwapa kwa mapatano, imedhihirika kwamba pale mezani hakuwa akitafuta mapatano. Nia yake imesomeka katika tendo, pasipo haja ya shahidi.

Hukumu hii ina mahali pake padhaifu pia. Brennan alitofautisha nyongeza za mwajiri huyu, zilizotegemea hiari yake, na nyongeza zinazokuja zenyewe kwa utaratibu uliokwisha kuzoeleka. Hizi za pili, alisema, ni kuiendeleza tu hali iliyopo. Ni kweli. Ikiwa desturi ya kazini ni kuongeza kila Januari, basi atakayeacha kuongeza ndiye aliyebadilisha. Lakini mlango huu wa desturi haukuwekewa kitasa. Mwajiri aliyezoea kubadilisha-badilisha apendavyo, je, kubadilisha kwake si desturi? Mwaka 2017 Bodi ya Marekani iliupanua mlango huo kwa manufaa ya waajiri, na mwaka 2023 ikaufinya tena. Mzozo wote huo umetokana na neno moja, "badiliko", ambalo hukumu ililitumia kana kwamba maana yake inajulikana na kila mtu.

Sasa turudi nyumbani. Kuna vitenzi vitatu vinavyoshindania nafasi hii katika Kiswahili, na vyote vitatu vina kiambishi -an- cha kutendeana. Kiambishi hicho kimewadanganya wafasiri wengi. Wao huona kwamba mradi kitenzi kina -an-, pande mbili zimo, na haki imo. Lakini -an- yatuambia tu kwamba tendo huenda na kurudi. Ni tendo gani, hilo ni la shina.

Tuanze na kushauriana, kwa kuwa ndicho kinachopendwa na maofisa. Shina lake ni shauri. Anayeshauri hutoa maoni, na uamuzi hubaki kwa anayeshauriwa. "Nilimshauri, akakataa" ni sentensi isiyo na kasoro yo yote. Hapana aliyevunja kitu. Lugha yenyewe imelipitisha jambo hili katika usemi wa kila siku: mtu akikuambia "shauri lako", hakukupa shauri, amekuachia uamuzi pamoja na matokeo yake. Basi sheria ikisema kwamba mwajiri atashauriana na wafanyakazi kabla ya kubadilisha saa za kazi, imesema kwa Kiswahili safi kwamba atawasikiliza, kisha shauri lake. Katz angeweza kuutimiza wajibu wa namna hiyo kwa kikao kimoja cha asubuhi, na alasiri akabandika tangazo.

Kujadiliana kina nguvu kidogo zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na harufu ya mabishano ya wenye elimu haijakitoka. Wanaojadiliana wamesimama sawa, kila mmoja na hoja yake. Upungufu wake ni kwamba hakina bidhaa. Watu huweza kujadiliana usiku kucha juu ya mashairi au siasa za nchi ya mbali, wakaachana bila mmoja kumtolea mwenziwe pendekezo lo lote la kukubaliwa au kukataliwa. Hata hivyo, "majadiliano ya pamoja" ndiyo maneno yaliyokwisha kuenea katika vyama vya wafanyakazi, na neno lililoenea lina haki zake.

Cha tatu ni kupatana, na hiki ndicho kipenzi changu kwa ladha. Ni kitenzi cha soko. Anayepatana bei ana kitu mkononi, ametaja kiasi, anangoja kiasi kingine; akiambiwa "bei ya mwisho" anajua kwamba bado kuna moja nyuma yake. (Wanasheria wa Marekani nao wana "pendekezo la mwisho", na nimeona katika kesi zao kwamba halikuwa la mwisho mara nyingi kama lilivyoitwa.) Tena sokoni kila mtu anajua kosa la Katz bila ya kufundishwa. Muuzaji hafungi kitambaa kwenye karatasi na kukutia mkononi wakati mngali mnapatana. Na fundi cherehani aliyekwisha kupatana nawe kanzu kwa bei fulani, akabadilisha bei nguo ikiwa nusu, atasemwa mtaa mzima.

Kwa nini basi tusikichague? Kwa sababu ya mambo yanayotokea kitenzi hicho kinapoingia katika nyakati mbalimbali. "Wanapatana bei" na "walikuwa wakipatana" ni mwendo. "Wamepatana" ni mwisho wa safari. Katika kitenzi-jina "kupatana" maana mbili hizi hukaa pamoja, wala hapana cha kuzitenga. Wajibu wa kupatana ungesomwa na wengi kuwa wajibu wa kufikia makubaliano, na wajibu wa namna hiyo haupo hata huko Marekani. Marekebisho ya mwaka 1947 ya sheria yao ya mwaka 1935 yalisema wazi kwamba hapana upande unaolazimishwa kukubali pendekezo wala kulegeza msimamo; na mwaka 1970, katika kesi ya kampuni ya H. K. Porter, Mahakama ya Juu ilikataa Bodi isimlazimishe mwajiri kukubali sharti moja la mkataba, ingawa mwajiri huyo alikuwa amejadiliana kwa nia mbaya. Mtu anaweza kuona kwamba sheria hiyo ni dhaifu mno, nami naona hivyo. Lakini mfasiri hana idhini ya kuitia nguvu kwa kuchagua kitenzi.

Kwa hiyo nasimama upande wa kujadiliana, na sababu yangu ni hii. Neno lenye maana pungufu laweza kujazwa kwa fasili: sheria ikisema kwamba kujadiliana maana yake ni kutoa na kupokea mapendekezo juu ya jambo lililo wazi bado, neno limepona. Neno lenye maana ya ziada halipunguziki kwa fasili, kwa kuwa kila msikiaji ataendelea kulisikia kwa maana yake ya sokoni, hata fasili iandikwe kwa wino mwekundu. Mtu ataniuliza: je, kushauriana nacho hakiwezi kujazwa vivyo hivyo? Hakiwezi, kwa kuwa kina kazi nyingine katika sheria ile ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ilitungwa kwa Kiingereza. Kifungu chake cha 15, kama kilivyotungwa, chamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi maelezo ya kazi yake: cheo, mahali, saa, ujira na mengineyo, na jambo lo lote kati ya hayo likibadilika, ayarekebishe maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi na kumwarifu kwa maandishi. Kifungu cha 68 chamtaka ajadiliane kwa nia njema na chama kilichotambuliwa. Hizi ni nyajibu mbili, za nguvu mbili, kwa watu wawili: wa kwanza ni kwa mfanyakazi mmoja mmoja, wa pili ni kwa chama. Kiingereza kimezitenga kwa vitenzi viwili. Mfasiri atakayetumia "mashauriano" kwa vyote viwili, kwa kuwa neno hilo lina adabu na halimchokozi mtu, atakuwa amekishusha kifungu cha 68 hadi kimo cha kifungu cha 15, na hapana bunge lililomwagiza afanye hivyo. Kenya ina sharti la namna hiyo hiyo katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na mfasiri wa huko atakutana na tego lile lile.

Katika kifungu hicho cha 15 kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Mtunzi wa Kiingereza alitumia kitenzi cha kubadilisha pasipo mtendwa: jambo "linabadilika", mwajiri anafika baadaye, anarekebisha karatasi. Ni nani aliyelibadilisha? Kifungu hakisemi. Saa za kazi zimehama zenyewe, kama mvua za vuli. Kiingereza chaweza kuficha hivyo bila mtu kutambua, kwa kuwa kitenzi ni kile kile pande zote mbili. Kiswahili hakimpi mfasiri kivuli hicho, chamlazimisha achague. Akisema "likibadilika", ametumia -ik-, na -ik- haipokei mtenda: hatuwezi kusema "saa zimebadilika na meneja". Akisema "likibadilishwa", ametumia -w-, na hapo hapo msomaji anauliza: na nani?

Si jambo dogo. Kila aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa kiwanda au ofisi anaijua lugha hii. "Muda wa kuingia kazini umebadilika." "Posho ya usafiri imesitishwa." "Utaratibu wa likizo umeboreshwa." Hilo la tatu lina hila kuliko mengine, kwa kuwa limetia hukumu ndani ya kitenzi, asomaye amekwisha kuambiwa ashukuru. Sheria inayokusudia kumzuia mwajiri asibadilishe peke yake haiwezi kuandikwa kwa sarufi ya tangazo lile lile analolibandika. Mfasiri mwaminifu wa kifungu cha 15 ataandika "likibadilika", kwa kuwa ndivyo kilivyo. Lakini atie maelezo kwa wakubwa wake kwamba kasoro iko katika asili.

Neno jingine linalostahili kuchunguzwa ni jina la mkataba wenyewe. Tanzania huuita "mkataba wa hali bora". Ni jina zuri, lina matumaini, na silioni likiondoka vinywani mwa watu. Lakini limepotosha fikira kwa namna moja. Mkataba ukiitwa wa hali bora, mfanyakazi huudhani kuwa ni wa nyongeza tu: nyongeza ya mshahara, ya likizo, ya posho. Hali iliyopo, ile anayoishi nayo sasa, huonekana kuwa mali ya mwajiri mpaka mkataba uitaje. Hukumu ya Katz yasema kinyume. Ulinzi wake wa kwanza ni wa hali iliyopo, iwe bora au mbovu, tena kabla mkataba haujatiwa sahihi. Kwa mafundi wale hapakuwa na mkataba wo wote bado! Na kwa upande wa pili, mwajiri akileta "hali bora" mwenyewe, kama Katz alivyofanya, jina letu hutuachia nini cha kusema? Ametimiza kila kitu kilichomo katika jina, na ameharibu kila kitu kilichomo katika wajibu.

Afrika ya Kusini wamelichukua jambo hili kwa njia nyingine, nayo inafaa itajwe kwa sababu ya uwazi wa maneno yake. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 1995 chasema kwamba wafanyakazi au chama chao wakipeleka mgogoro wa mabadiliko ya upande mmoja kwenye usuluhishi, waweza kumtaka mwajiri asiyatekeleze kwa siku 30, au, kama amekwisha kuyatekeleza, arudishe masharti ya zamani. Naye hana budi kutii katika saa 48. Hapo hapana nia wala ushauri. Kuna siku, kuna saa, na kuna kitenzi "kurudisha", ambacho kila mtoto anakielewa. Mtunzi wa sheria wa Kiswahili angefaidika kukisoma kifungu hicho kwa ajili ya vitenzi vyake tu.

Kwa kuwa si haki kulaumu bila kutoa, naweka hapa namna moja ya kusema ambayo nadhani yabeba maana ya Katz bila ya kuipunguza wala kuizidisha: "Mwajiri hatabadilisha sharti lo lote la kazi la wafanyakazi wanaowakilishwa na chama kilichotambuliwa, kabla ya kukiarifu chama hicho kusudio lake kwa maandishi na kujadiliana nacho kwa nia njema mpaka wakubaliane au wakwame." Mwajiri ni mtenda, naye yuko mwanzoni mwa sentensi. Kusudio limetajwa kuwa kusudio, yaani jambo ambalo halijafanyika. Neno "bora" halimo.

Limebaki "wakwame", ambalo baadhi ya wenzangu waliosoma maandishi haya wamelikataa kuwa ni la mtaani. Wao wangependa "wafikie mwisho wa majadiliano". Siafiki. Katika sheria ya Marekani, majadiliano yakikwama, mwajiri hupata ruhusa ya kutekeleza yale aliyokwisha kuyapendekeza mezani, wala si zaidi ya hayo; kwa hiyo yote yanategemea kukwama kunaeleweka vipi. Mwaka 1982, katika kesi ya Bonanno, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba hali hiyo ni kizuizi cha muda tu, na kwamba hali zikigeuka mazungumzo huanza upya. "Mwisho" haliwezi kubeba maana hiyo, kwa kuwa kilichofika mwisho kimekwisha. Gari lililokwama matopeni halijafika mwisho wa safari. Watu hushuka, huweka matawi chini ya magurudumu, husukuma, na kitenzi cha kufanya hivyo tunacho tayari, kukwamua.